Uliza Ujibiwe: Alumini na ile ngozi yake

Toleo lililopita nilijibu swali dogo tu la dada mmoja aliyeuliza kama ni lazima asugue sufuria zake za alumini kwa stilwaya mpaka zing'ae kama kioo, nikamwambia hapana, pale juu kuna ngozi inayoilinda sufuria na wewe unaikwangua bure. Basi hilo neno ngozi ndo limewasha moto, meseji zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea, kila mtu anataka kujua metali inakuwaje na ngozi, na wengine wakaingia na maswali ya weldingi, ya nyaya, ya ndege, mpaka ya makaisari wa Roma. Kwa hiyo leo ukurasa wote nimeupa alumini. Naanza na mwanafunzi kwa sababu swali lake ndo mama wa maswali mengine yote.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Mwalimu alitufundisha kwamba kwenye orodha ya metali zinazowahi kuungana na vitu vingine, alumini iko juu ya chuma, yaani inatakiwa iungane na oksijeni haraka kuliko chuma. Sasa mbona chuma ndo kinashika kutu mpaka kinaisha na alumini inakaa nje miaka na miaka haina habari? Naona haiingii akilini.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kutokubali kitu mpaka kikuingie. Mwalimu wako yuko sahihi na macho yako pia yako sahihi. Alumini inaipenda oksijeni kupita kiasi, ukikata kipande sasa hivi ule uso mpya haumalizi hata sekunde moja, oksijeni ya hewani imeshaurukia na kutengeneza oksidi ya alumini, na hiyo oksidi ndo ngozi ninayoisema kila siku. Ni nyembamba mno, nanomita 2 hadi 4 hivi, kwa maana kwamba ili upate unene wa milimita moja inabidi upange ngozi zaidi ya laki mbili moja juu ya nyingine. Lakini imeshikana barabara, haipitishi hewa wala maji, halafu imeng'ang'ania ile metali ya chini kwelikweli, kwa hiyo oksijeni nyingine ikija inakuta mlango umeshafungwa.

Kutu ya chuma haiko hivyo. Ile inavimba, inakuwa ungaunga, inabanduka, ikibanduka inaacha chuma kingine uchi nacho kinaliwa, kinabanduka, hivyo hivyo mpaka siku unakanyaga bati mguu unapita. Kwa hiyo usiseme alumini haishiki kutu, sema inashika upesi kuliko chuma ila kutu yake yenyewe ndo inayoilinda, na ukiikwaruza inajifunika tena pale pale.

Na hiyo oksidi siyo kitu cha kudharau. Ikipata nafasi ya kuganda taratibu chini ya ardhi inakuwa fuwele ngumu, ikichanganyika na kromiamu kidogo inakuwa yakuti nyekundu, ikichanganyika na chuma na titaniamu kidogo inakuwa yakuti ya buluu. Chembe nyingi za kwenye msasa wa fundi pia ni oksidi hiyo hiyo. Yaani ngozi ya sufuria, jiwe la kwenye pete na msasa ni ndugu wa damu, mi mpaka leo nikifikiria hilo nafurahi.

Namba za kuandika kwenye daftari: alumini ni elementi ya 13, sentimita moja ya ujazo ina gramu 2.7 wakati chuma kina 7.9, inayeyuka kwenye nyuzi joto 660, na ndo metali iliyo nyingi kuliko zote kwenye gamba la dunia, kama asilimia 8 ya uzito wake, inatanguliwa na oksijeni na silikoni tu ambazo siyo metali za kweli.

SWALI: Mhariri, mimi ni mstaafu. Nimesikia kwamba zamani alumini ilikuwa na thamani kuliko dhahabu. Kama ni nyingi ardhini kiasi hicho ilikuwaje? Na nani hasa aliigundua? Mjukuu wangu pia amenionyesha simulizi ya kaisari wa Roma aliyemuua fundi aliyemletea bakuli la alumini, ni kweli?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nimalizane kwanza na kaisari. Waandishi wa Roma ya kale walisimulia habari za Tiberius na fundi wake, lakini walichosimulia ni kioo, chombo cha kioo kilichopinda bila kuvunjika. Alumini imekuja kubandikwa kwenye hadithi hiyo baadaye sana. Na ukiangalia kazi yenyewe utaona haiwezekani, Warumi walikuwa na mkaa na mifuo, na mkaa unaweza kuinyang'anya shaba oksijeni yake, unaweza kukinyang'anya chuma, ila alumini haiachii, unaweza kuchochea tanuru usiku kucha asubuhi unakuta udongo wako ni udongo tu.

Hapo ndo penye jibu la kwa nini ilikuwa ghali. Iko kila mahali, kwenye udongo wa mfinyanzi, kwenye miamba, chini ya miguu yetu, ila imekumbatiana na oksijeni na hakuna moto wa kawaida wa kuwaachanisha. Watu wametumia shabu tangu zamani za kale kwa kushikisha rangi kwenye nguo na kulainisha ngozi za wanyama, na ndani ya shabu alumini imo, wanaishika mkononi hawaijui. Humphry Davy wa Uingereza alihisi kuna metali humo, mwaka 1808 akaipa jina kabla hata hajaipata, na akalibadilisha badilisha lile jina, ndo maana mpaka leo Wamarekani wanaiandika kivyao na Waingereza kivyao.

Aliyeipata kwanza ni Hans Christian Ørsted wa Denmaki, 1825, alichukua kloridi ya alumini akaipasha moto na potasiamu iliyochanganywa na zebaki, akabaki na kidonge kinachofanana na bati. Hakuendelea nacho. Friedrich Wöhler wa Ujerumani akaichukua kazi, 1827 akapata unga wa kijivu, na ilibidi asubiri mpaka 1845 kupata vipunje vikubwa vya kutosha kupima uzito wake na kugundua kwamba ni nyepesi ajabu. Watu wanabishana nani apewe heshima, mi naona Ørsted ndo aliyefungua mlango na Wöhler ndo aliyeingia ndani akawasha taa.

Mwaka 1854 Mfaransa Henri Sainte-Claire Deville akatumia sodiamu badala ya potasiamu, ikawa nafuu kidogo, na mwaka uliofuata vipande vya alumini vikawekwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris watu wakaenda kuvishangaa. Napoleon III akatoa pesa za utafiti, na inasimuliwa kwamba wageni wake wakubwa walipewa uma na vijiko vya alumini, wengine wakala kwa dhahabu. Hiyo ya vijiko mi naichukua kama simulizi, ila kitu cha uhakika ni hiki: mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington, ule mrefu wa mawe, kileleni kabisa waliweka piramidi ndogo ya alumini ya kama kilo 2.8, na kabla ya kupandishwa iliwekwa kwenye duka la vito New York watu wakawa wanapita wanairuka ili waseme wameruka kilele cha mnara wa Washington.

Miaka miwili tu baadaye mambo yakageuka. Februari 1886, Charles Martin Hall, kijana wa miaka 22, kwenye kibanda cha kuni nyuma ya nyumba yao huko Oberlin, Ohio, akisaidiana na dada yake Julia ambaye naye alisoma kemia, alipata njia ya umeme. Kwenye miezi hiyo hiyo Paul Héroult wa Ufaransa akapata njia ile ile, na hawa wawili hawakuwa wanajuana. Wote walizaliwa 1863, wote wakafa 1914. Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara nasimama hapo.

Walichofanya ni hiki. Oksidi ya alumini peke yake inayeyuka kwenye nyuzi 2072, ni moto wa kutisha. Wao wakaona kuna jiwe linaitwa kriolaiti, lilikuwa linachimbwa Greenland, likiyeyuka linaimeza ile oksidi kama maji yanavyomeza chumvi, na mchanganyiko unakuwa uji kwenye nyuzi 960 hivi. Ukipitisha umeme hapo alumini inashuka chini kama supu nzito na oksijeni inakimbilia kwenye vijiti vya kaboni. Mwaka 1888 Carl Josef Bayer wa Austria akapata njia ya kuisafisha oksidi kutoka kwenye mawe ya boksaiti kwa kostiki soda ya moto, na hizo njia mbili zikikutana bei ikaporomoka. Mpaka leo viwanda vinafanya hivyo hivyo, tani 4 hadi 5 za boksaiti zinatoa tani 2 za oksidi, zinatoa tani 1 ya alumini.

SWALI: Dada/kaka wa Uliza Ujibiwe, mi napikia sufuria za alumini tangu nimeolewa. Sasa hivi kwenye simu kila siku natumiwa kwamba ni sumu, zinaleta ugonjwa wa kusahau, nizitupe. Nimeingiwa na woga kwa sababu ya watoto. Nizitupe?

JIBU: Dada yangu pole na hofu, wanaosambaza hizi meseji mara nyingi hawajui wanakuachia mzigo gani kichwani. Usizitupe ovyo, ila nisikilize mpaka mwisho kwa sababu kuna jambo moja kweli la kuogopa na siyo hilo unalotumiwa.

Hofu ya ugonjwa wa Alzheimer, ndo huo wa kusahau, ilianzia miaka ya 1960 watafiti walipowadunga sungura chumvi za alumini kwenye ubongo na kuona mishipa ya fahamu inaharibika. Halafu miaka ya 1970 wagonjwa wa figo waliokuwa wanasafishwa damu kwa mashine wakaanza kuchanganyikiwa, ikagundulika maji ya mashine yalikuwa na alumini inayoingia moja kwa moja kwenye damu, na figo zao hazikuweza kuitoa. Hilo ni kweli na liliua watu, na maji ya mashine hizo yakaanza kusafishwa kwa sababu hiyo. Ila kuingia kwenye damu ni kitu kimoja na kuingia tumboni ni kitu kingine, tumbo linanyonya chini ya asilimia 1 ya alumini unayokula na figo nzima zinaitoa kwenye mkojo. Tangu hapo watafiti wamefuatilia sana na haijathibitika kwamba sufuria zinaleta Alzheimer.

Alumini huwezi kuikwepa hata ukitupa vyombo vyote, imo kwenye udongo kwa hiyo imo kwenye mimea, majani ya chai yanaikusanya kuliko mimea mingi, na dawa nyingi za kiungulia zimetengenezwa na haidroksidi ya alumini yenyewe. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya dunia ya chakula na ya afya, mwaka 2011 iliweka kiwango cha juu cha kula cha miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki, yaani mtu wa kilo 60 ni miligramu 120.

Sasa ile ngozi. Inastahimili maji na mafuta vizuri, ila vitu vichachu vinaila, na kostiki soda na majivu pia. Kwa hiyo nyanya, ndimu, siki na chumvi nyingi, kupika ukaipua siyo shida, usilaze humo usiku mzima. Ukichemsha maji tu na ndani pakawa peusi usiogope, ni ngozi imenenepa na kushika madini ya maji, ukichemsha maji yenye ndimu inatoka, wala huna haja ya kuitoa. Na usisugue kwa stilwaya kila siku, nimesema na narudia.

Sasa jambo la kuogopa. Kuna sufuria zinasubuliwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu vya kila aina, vipande vya injini, redieta, chochote. Vipimo vilivyofanywa nchi mbalimbali vimekuta metali ya risasi, ile yenye sumu, kwenye baadhi ya sufuria hizo, na risasi inatoka kuingia kwenye chakula, na risasi haina kiwango kilicho salama kwa mtoto. Ngozi ya alumini haikusaidii hapo. Kama hujui sufuria imeyeyushwa kutokana na nini, hiyo ndo ya kuacha kupikia, hasa vyakula vichachu. Hizi za kiwandani zilizotengenezwa kwa alumini iliyosafishwa, endelea nazo na amani.

SWALI: Mimi fundi wa kuchomelea, chuma nakiweza vizuri sana. Juzi nimeletewa mabano ya alumini, nikaweka moto naona halibadiliki rangi, nangoja liwe jekundu, mara likadondoka lote kama uji. Nimemlipa mteja. Tatizo nini?

JIBU: Pole fundi, na uliyofanya ya kumlipa mteja ni ya kiungwana. Umekutana na ngozi kwa upande wake mbaya. Metali ya ndani inayeyuka kwenye 660, ngozi inataka 2072, kwa hiyo ndani pameshakuwa maji na juu ngozi bado imeshikilia kama plastiki ya mfuko, unaona kipande kimesimama kumbe ni mfuko wa uji, ukipasuka umekwisha. Halafu macho yako yamezoea chuma, chuma kinakuwa chekundu kikakuonya, alumini inafika kwenye kuyeyuka kabla joto halijafikia lile la kutoa mwanga wa kuonekana mchana. Haikuonyi.

Na tatu ni kwamba inasafirisha joto haraka, kama mara 3 ya chuma, kwa hiyo mwanzo joto linakimbia hupati kitu, unaongeza moto, kipande chote kinapata joto, halafu ghafla kinaanguka kwa pamoja. Kinachotakiwa ni mashine ya TIG yenye umeme wa AC na gesi ya agoni, hiyo AC inabadilika badilika na kwenye upande wake mmoja inaivunja ngozi, kwenye upande wa pili inayeyusha. Kabla ya hapo futa mafuta yote, piga brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma, uchome muda huo huo, usisubiri kesho kwa sababu ngozi inarudi na kunenepa na kunyonya unyevu, na unyevu ndo unakuletea vile vitundu vitundu ndani ya weldi, ni haidrojeni hiyo inatafuta pa kutokea.

SWALI: Nyaya kubwa za juu ya nguzo ni alumini, nyaya za ndani ya nyumba ni shaba. Kwa nini? Si wanatupunja?

JIBU: Hakuna anayepunjwa. Ukilinganisha waya wa unene sawa alumini inapitisha umeme kama asilimia 61 ya shaba, ila ni nyepesi zaidi ya mara 3, kwa hiyo ukinenepesha waya wa alumini mpaka upitishe sawa na wa shaba bado uzito wake ni nusu tu. Kwenye nguzo uzito ndo kila kitu, na katikati wanaweka nyuzi za stili kuubeba waya usilegee.

Ndani ya nyumba shida ni kwenye maungio. Ngozi yetu haipitishi umeme, alumini inatanuka sana ikipata joto na ikisinywa na skrubu inalegea polepole, ukiiunga na shaba penye unyevu alumini inaliwa. Maungio yakilegea yanapata moto. Marekani walifunga nyaya za alumini kwenye nyumba nyingi miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 shaba ilipopanda bei, na nyumba zikaungua. Kama nyumba yako ina nyaya hizo muite fundi umeme anayejua viunganishi vya alumini, usiguse mwenyewe.

SWALI: Kama alumini ni laini hivyo, naweza kukunja kwa vidole, ndege inaruka vipi?

JIBU: Ile safi ndo laini. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm alikuwa anachanganya alumini na shaba kidogo na magnesiamu, akaipasha moto, akaizamisha kwenye maji ikapoa ghafla, akapima ugumu, kawaida tu. Aliporudi kupima tena baada ya siku kadhaa ikawa imekuwa ngumu zaidi yenyewe, bila mtu kuigusa. Ni kwamba ndani yake vile vimchanganyo vilikuwa vinajikusanya taratibu kuwa vivimbe vidogo sana vinavyozuia tabaka za metali zisiteleze. Ndo duralumini hiyo, na ndo iliyotupa ndege za metali. Hata kabla yake, ndege ya ndugu Wright, wale Wamarekani waliorusha ndege ya kwanza yenye injini, ya mwaka 1903 injini yake ilikuwa na bloku ya alumini, ya chuma ingewashinda uzito.

Ila ina ugonjwa wake, inachoka. Chuma ukikitingisha kwa nguvu ndogo kinaweza kuvumilia bila mwisho, alumini hapana, kila mtingisho unaandikwa, mwisho ufa unaanza. Mwaka 1954 ndege mbili za Comet za Uingereza zilipasukia angani kwa sababu hiyo, mwili ulijazwa hewa na kutolewa hewa safari baada ya safari mpaka ukachoka kwenye kona za matundu yake. Ndo maana ndege inahesabiwa mara ngapi imepaa, siyo miaka tu. Na mtu akija na kipimajoto cha zebaki kwenye ndege wanamzuia, zebaki ikimwagika ikapata mkwaruzo inaingia chini ya ngozi na ngozi haiwezi kujishona tena, metali inaliwa kuwa unga mweupe.

SWALI: Foili, upande unaong'aa uwe ndani au nje?

JIBU: Popote. Kiwandani mwishoni zinapita karatasi mbili za foili pamoja kwenye roli, yaani magogo ya chuma yanayozunguka na kuzibana, upande uliogusa roli unang'aa, pande zilizogusana zinafifia, basi, hakuna lingine. La muhimu zaidi: chakula chenye chumvi na uchachu kwenye chombo cha chuma usikifunike kwa foili ikagusa chakula, umetengeneza betri hapo, kesho unakuta foili ina matundu na madoa ya kijivu kwenye chakula.

SWALI: Watoto wa mtaani wanaokota makopo ya soda kuliko chupa. Kopo lina nini?

JIBU: Lina umeme ndani yake, ndo naweza kukuambia. Ile kazi ya kuwaachanisha alumini na oksijeni inakula uniti 13 hadi 15 kwa kila kilo moja. Kopo tupu ni gramu 13 au 14 hivi, kwa hiyo kwenye kuyeyushia tu kila kopo limemeza umeme wa kuwasha taa ya LED ya wati 10 kwa saa kama 18. Ndo maana Aisilandi, nchi isiyo na boksaiti hata jiwe, inaletewa oksidi kwa meli na kutengeneza alumini, kwa sababu ina umeme wa maporomoko na wa joto la ardhini. Ukiokota kopo ukaliyeyusha upya oksijeni imeshatolewa tayari, unatumia kama asilimia 5 tu ya nishati, na metali inayotoka haina tofauti na ya kwanza, unaweza kurudia tena na tena.

Na mimi hapa sitaki kusema juu juu. Vile vijiti vya kaboni vinaungua, kila kilo ya alumini mpya inaachia zaidi ya kilo moja ya kabonidayoksaidi pale pale kwenye tanuru, hapo hujahesabu kama umeme umetoka kwenye makaa ya mawe. Na kusafisha boksaiti kunaacha tope jekundu lenye kostiki soda, linarundikwa kwenye mabwawa. Oktoba 2010 huko Ajka, Hangaria, ukuta wa bwawa kama hilo ulibomoka, tope likaingia vijijini, watu 10 wakafa na wengine wengi wakaungua ngozi. Kwa hiyo yule mtoto anayeinama kuokota kopo anaokoa umeme na anapunguza tope la mtu fulani mahali fulani, anastahili kulipwa vizuri kuliko anavyolipwa na wanaomnunulia.

SWALI: Sumaku haishiki alumini. Sasa kwenye viwanda vya taka wanaitenganishaje na plastiki?

JIBU: Kwa sumaku hiyo hiyo! Haishiki kweli, ila sumaku ikipita haraka karibu na alumini inaamsha umeme unaozunguka ndani yake, na umeme huo unatengeneza usumaku wake unaoipinga ile sumaku. Kiwandani wanazungusha roli la sumaku kwa kasi chini ya mkanda, makopo yanarushwa mbele yenyewe na plastiki inadondoka chini. Mwanafunzi wangu wa swali la kwanza, hii unaweza kuijaribu. Tafuta bomba la alumini nene la kama mita moja na sumaku ya neodimiamu inayopita ndani bila kugusa sana, simamisha bomba, idondoshe. Jiwe la ukubwa huo linafika chini chini ya nusu sekunde. Sumaku utaichungulia kwa juu unaiona inashuka polepole kama inazama kwenye asali, na haijagusa ukuta.